Chumvi Niliyoitia Mwenyewe

Sista Nkatha alibinya tyubu ya kwanza, yakatoka maji. Akabinya tena, kikatoka kipande kama yai lililochemshwa likaharibika. Akaiweka mezani, akachukua ya pili. Maji tena. Akanitazama.

"Yasir, hii dawa uliisafirisha vipi?"

"Kwenye barafu," nikasema. "Barafu safi kutoka Lamu, ya asubuhi hii hii. Haikuguswa na jua hata kidogo."

"Barafu peke yake?"

Hapo nikajisifu. "Na chumvi ya mawe, vikombe viwili. Hakuna mtu kisiwani anayejua kupanga kasha kunishinda."

Sikuwa nikidanganya. Nanunua samaki kwa wavuvi wa hapa Ndau, nawapeleka Lamu mjini, narudi na barafu. Miaka sita sasa, na samaki wangu hajawahi kurudishwa na mnunuzi. Barafu ikipondwa ikachanganywa na chumvi, baridi yake huuma mara mbili. Samaki wangu aina ya changu hushuka gatini wakiwa wakavu kama vipande vya mbao. Kwa hiyo nilipopewa tyubu mbili za dawa ya dada yangu, nilizizika katikati kabisa ya kasha, mahali ninapoweka samaki wa bei kubwa, nikazifunikia chumvi kwa mikono yangu miwili.

"Nilikwambia baridi ya friji," akasema Sista Nkatha. "Kati ya nyuzi mbili na nane. Nikakwambia isigande. Nilikwambia ama sikukwambia?"

"Ulisema baridi. Nimekuletea baridi. Sasa baridi imekuwa nyingi, mwaleta kesi?"

"Imekufa, Yasir."

"Dawa hufa?"

Dada yangu Umulkheir alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa akizitazama zile tyubu mbili juu ya meza.

Siku kumi na moja kabla, katika harusi ya Rawiya, karai la mafuta ya sambusa lilimpindukia mkononi. Mimi nilikuwa barazani na wanaume, nasoma beti nilizotunga za kumcheka Bwana Abdulhadi, mfanyabiashara wa kambakoche. Watu walikuwa wamejishika mbavu kwa kicheko. Nilisikia ukelele wa uani, nikadhani ni vigelegele. Nilipofika, jirani alikuwa ameshampaka dawa ya meno mkono mzima, na ngozi inatoka nayo.

Alilazwa siku tisa katika hospitali ya Lamu. Daktari akatwambia wazi: kidonda ni kirefu na kinajivuta. Kisipoonyesha kufunga kufikia Ijumaa ya wiki ya nne, atapelekwa Mombasa akatwe ngozi ya paja ipandikizwe mkononi. Na kadiri kitakavyokaa wazi, ndivyo kidole gumba na viwili vya jirani yake vitakavyojikunja, na huenda visinyooke tena. Umulkheir hushona kofia za viua, zile za vitundu vidogo vinavyozungushwa uzi kimoja kimoja mpaka kofia nzima iwe kama imechorwa. Kofia moja humchukua miezi minne. Anavyotumia ni kidole gumba hicho na viwili hivyo.

Mama yetu hainuki kitandani, kwa hiyo Umulkheir hakuweza kubaki Lamu. Daktari akakubali arudi nyumbani, Sista Nkatha amsafishe kidonda kila siku na kumpaka dawa hiyo ya jeli. Kisanduku cha zahanati cha kubebea chanjo kilikuwa kijijini Mkokoni kwa kampeni ya chanjo ya watoto, na vya hospitali vyote vilikuwa nje kwa kampeni hiyo hiyo. Ndipo nikasema, kisanduku cha nini? Kasha langu lipo.

"Ilikuwa na nini hiyo jeli?" Umulkheir akauliza mwishowe.

Sista Nkatha akavuta kiti, akakaa karibu naye. Yeye ni mtu wa Meru, ana miaka mitatu hapa, na hakuna harusi ya Ndau asiyoalikwa.

"Unamkumbuka yule mama aliyepita mlango kwa mlango kutualika kwa Rawiya?"

"Bi Rukiya. Mwalikaji."

"Enhe. Sasa mwili wako una waalikaji wake. Ukiumia, wanatoka kwenye kidonda wanapita wakiita: wewe wa ngozi njoo, wewe wa mishipa njoo, kuna kazi hapa. Tunawaita vichocheo vya ukuaji. Kidonda chako kimeungua sana, waalikaji wamebaki wachache. Hii jeli ina wengine waliotengenezwa maabara, wanasaidia kuita. Lakini wameumbwa laini. Joto linawaharibu, na kuganda kunawaharibu. Nikikupaka hizi nitakuwa nakupaka maji tu."

Umulkheir akageuka kwangu. "Kwa hiyo ndugu yangu kamzika Bi Rukiya kwenye chumvi."

Sista Nkatha akacheka bila kutaka. Mimi sikucheka. Nikasimama.

"Nitaleta nyingine."

"Kwa kasha lipi?" akauliza Sista Nkatha.

"Nipe kile kisanduku cha Mkokoni."

"Niwanyime chanjo watoto hamsini?"

Nikatoka.

Kesho yake, Jumatano, nilikuwa mbele ya dirisha la dawa hospitalini. Mfamasia anaitwa Jepchirchir, mwanamke mrefu asiyepandisha sauti. Sista Nkatha alikuwa ameshampigia simu.

"Zimebaki tyubu mbili tu," akasema.

"Nipe."

"Nikupe ukazitie chumvi?"

Watu wa foleni wakanigeukia. Ningeweza kumjibu, maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamepangika na vina vyake. Nikayameza. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kumeza neno zuri.

"Niambie nifanye nini," nikasema.

Akanipa kipimajoto kidogo chenye waya mrefu. "Safari yako huchukua saa ngapi?"

"Saa tano, bahari ikiwa nzuri."

"Niletee chombo kinachokaa saa tano juani, kila saa umeandika kipimo. Kisishuke chini ya mbili, kisipande juu ya nane. Ukiniletea hiyo karatasi, nakupa dawa. Jumamosi nafunga saa saba mchana. Usipokuja, Jumatatu zinakwenda kwa mgonjwa mwingine. Naye pia ameungua, Yasir."

Nikarudi gatini na kipimajoto mfukoni, nikakaa juu ya kasha langu. Lilikuwa kasha zuri. Lakini kila nilivyofikiria, nilijua linaweza mambo mawili tu: likiwa na chumvi hugandisha, lisipokuwa nayo barafu huyeyuka na kila kitu huogelea.

Hatua kumi kutoka kwangu, Bwana Abdulhadi alikuwa akishusha mizigo yake. Magunia. Akafungua moja kuwaonyesha wanunuzi, na ndani kulikuwa na kambakoche, pembe zao ndefu zikitikisika polepole. Walikuwa wametoka Ndau alfajiri, kama mimi, na wako hai. Kamba akipata joto hufa. Akiganda hufa. Nilikuwa nimejua hivyo tangu utotoni, na sikuwahi kulifikiria hata mara moja, kwa sababu sisi wa barafu tuliwacheka watu wa kamba, tukisema yao ni biashara ya kulea.

Ubeti niliosoma harusini ulikuwa huu:

*Kamba humpa gunia, mkewe yuna baridi;*
*akilia humwimbia, kwa mapenzi ya zaidi.*

Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Bwana Abdulhadi."

"Ah! Malenga." Hakuacha kazi. "Umekuja kumaliza beti? Nasikia zilibaki mbili."

"Nimekuja kuuliza kamba wako hufikaje hai."

Akainua kichwa. Ana ndevu za mvi na mato madogo yanayocheka kabla ya mdomo. "Huwaimbia. Si ndivyo ulivyosema?"

"Bwana, dada yangu atapoteza mkono."

Macho yakaacha kucheka. Nikamwambia yote, hata chumvi. Alisikiliza huku akifunga gunia, na nilipomaliza akatikisa kichwa.

"Mimi hubeba tu," akasema. "Magunia si kazi yangu. Hushonwa na mke wangu, Swafiya. Yule mwenye baridi. Nenda kamwombe yeye."

Afadhali angenitupa baharini.

Alasiri ile ile nilikuwa nimerudi Ndau, nimesimama katika ua wa Bi Swafiya. Alikuwa amekaa mkekani, shazia mkononi, ile sindano kubwa ya magunia, na hakunikaribisha niketi.

"Kumbe mtu mwenyewe ni mwembamba," akasema. "Kwa maneno yale nilidhani ni jitu."

"Bi Swafiya, nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini? Watoto wa shule wanaiimba. Jana nilikwenda dukani, nikasikia nyuma yangu: mkewe yuna baridi, mkewe yuna baridi. Miaka ishirini na miwili nashona magunia haya, hakuna aliyewahi kuniuliza nayashona vipi. Wewe umenitia kwenye shairi kama mtu wa kuonewa huruma kitandani."

Nilikuwa nimejiandalia hotuba njiani. Ilikuwa nzuri, na haikufaa kitu. Nikasema, "Nilikosea. Sikujua kitu, nikakifanyia mzaha. Na dawa ya dada yangu nimeiharibu kwa namna hiyo hiyo."

Kisha akavuta gunia moja, akaligeuza ndani nje.

"Keti," akasema. "Tizama kwa mato, si kwa mdomo."

Lilikuwa si gunia moja bali mawili, moja ndani ya jingine, na katikati yake unga wa mbao kutoka kwa mafundi wa mashua, umeshonewa vyumba vyumba kama godoro ili usikimbilie chini. Barafu haikuwekwa tupu. Ilikuwa maji yaliyogandishwa ndani ya chupa, kila chupa imevishwa kitambaa, imesimamishwa pembeni. Na gunia la nje lililoweshwa maji ya bahari, ili upepo ulikaushe na kulipoza.

"Barafu ikimgusa kamba, humuunguza," akasema. "Ndiyo, baridi pia huunguza. Na mai yake yakimwagika akayanywa, hufa. Kwa hiyo baridi imjie kwa mbali, kama mgeni mwenye adabu. Umefahamu?"

"Nimefahamu. Niazime moja."

"Haya ni makubwa, ya kamba thalathini. Dawa yako ndogo itapotea humo. Yataka gunia la kipimo chake." Akanitupia shazia, ikaanguka miguuni pangu. "Nitakuonyesha. Kushona utashona wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Dada yako ana mkono?"

Nilishona Alhamisi nzima. Nimevuta nyavu, nimebeba makasha ya kilo sitini, lakini shazia ilinishinda nguvu. Ilinichoma kidole gumba mara nne kabla ya adhuhuri. Uzi ulikatika, nikaanza upya. Bi Swafiya akipita hutazama na kusema neno moja, "mapengo," akaendelea na kazi zake. Kufikia alasiri, gumba langu na vidole viwili vilikuwa vimevimba haviwezi kukutana, nikaketi nikivitazama. Umulkheir hufanya hivi miezi minne kwa kofia moja, kwa sindano nyembamba kama unywele. Sikuwahi kumwuliza kama vinamuuma.

Ijumaa jua lilipochomoza tukalijaribu. Nilitia tyubu tupu niliyoijaza maji, waya wa kipimajoto juu yake, chupa nne za barafu, nikaliweka gunia juani uani. Saa ya kwanza, nyuzi tano. Saa ya pili, saba. Saa ya tatu, kumi na moja.

Nilikaribia kulipiga teke. Bi Swafiya akanizuia kwa mkono, akapitisha kidole kwenye mshono wa mdomo.

"Hapa. Na hapa. Joto laingia kama mbuzi shambani. Nilikwambia mapengo, ukadhani nakutukana."

Nikaushona upya ule mdomo, kipande kwa kipande, yeye akihesabu. Tukaongeza chupa mbili. Saa nne tukaanza tena. Nne. Nne. Tano. Tano. Saa tisa alasiri, sita. Niliandika kila namba kwenye karatasi, na chini yake Bi Swafiya akatia saini yake bila kuombwa, kwa herufi kubwa.

Jumamosi nilitoka Ndau saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa na gunia, na chupa za barafu ya kurudia zimeshaagizwa Lamu. Kasha langu la samaki nililiacha nyumbani. Saa tano na nusu nilikuwa dirishani. Jepchirchir alisoma karatasi mstari kwa mstari. Akafungua gunia, akatia mkono ndani, akautoa.

"Nani Swafiya?"

"Fundi," nikasema.

Akaniletea tyubu mbili.

Safari ya kurudi sikuzungumza na mtu. Gunia lilikuwa baina ya magoti yangu, kila saa nasoma kipimo. Abiria mmoja akaniuliza nimebeba kamba wangapi. Nikamwambia wawili, na ni wa tunu. Nje ya Kizingitini mashine ilizimika, tukakaa dakika arubaini tukipepesuka, jua kichwani. Kipimo kikapanda kutoka tano hadi sita, kutoka sita hadi saba. Nililowesha gunia la nje maji ya bahari, nikaketi upande wa jua ili kivuli changu kiliangukie. Kikasimama pale pale, saba. Mashine ikawaka.

Zahanatini, Sista Nkatha alisoma kipimo kwanza kabla hajanisalimia. Kisha akabinya tyubu. Ikatoka jeli nzima, nyororo, inang'aa, ikabaki nchani mwa kidole haianguki.

"Huyu mwalikaji ana sauti," akasema.

Kazi haikuishia hapo, na sitasema uongo kwamba jeli ilifanya yote. Kila asubuhi Sista Nkatha aliosha kidonda kwa maji ya chumvi ya hospitali, akaondoa kilichokufa, akapaka dawa kwa utando mwembamba, akafunga. Na kila jioni Umulkheir alikunja vidole vyake mara ishirini, kama alivyoagizwa. Kila mara machozi yalimtoka, na kila mara nilimwambia apumzike.

"Nyamaza uhesabu," akaniambia. "Umefika ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mwongo. Kumi na mbili. Wataka nirudie?"

Siku ya tano, Sista Nkatha alifungua bendeji, akainama. Nikasogea. Pale palipokuwa na weupe wa kufa kulikuwa na chembe nyekundu, ndogo ndogo, zenye unyevu. Akanionyesha bila kugusa.

"Wanaingia harusini," akasema. "Nyama mpya."

Siku ya tisa, kingo za kidonda zilikuwa na utando wa ngozi mwembamba, wa rangi ya waridi, ukitembea kuelekea katikati. Umulkheir aliutazama, akasema kwamba mwendo wake ni wa kiua cha kofia: huanza pembeni, huzunguka, hufunga.

Ijumaa ya wiki ya nne tulikuwa mbele ya daktari. Aligeuza mkono wa dada yangu huku na huku chini ya taa. Palibaki wazi mahali pamoja, padogo kama shilingi. Akamwambia anyooshe vidole. Vikanyooka, si kabisa, lakini vikanyooka. Akamwambia afunge ngumi. Umulkheir akafunga taratibu, uso umekaza, mpaka gumba likavilalia vile viwili.

"Mombasa hakuna haja," akasema daktari. "Endeleeni na dawa mpaka hapo padogo pafunge. Na mazoezi usiache hata siku moja."

Tuliporudi nyumbani, Umulkheir alimsalimia Mama, akamwonyesha ngumi. Nilijua kofia yake iko sandukuni, imefika nusu, sindano ingali imechomekwa pale alipoachia siku ya harusi. Nikaenda kumtolea.

Nilipogeuka, alikuwa ameketi mlangoni kwenye mwanga, na gunia langu mapajani. Alikuwa amelipindua ndani nje, anapitisha kidole kwenye mshono.

"Yasir. Nani kashona hivi?"

"Mimi."

"Mbele ya Bi Swafiya?"

"Mbele yake."

"Naye hakuzimia?" Akanyoosha mkono. "Nipe ile shazia uliyoshonea, na mkasi."

"Dada, daktari kasema taratibu. Anza na kofia, sindano yake ni nyepesi."

"Kofia haina haraka. Hili lataka kwenda Lamu tena wiki ijayo kuchukua tyubu mpya za yule mgonjwa mwingine aliyeungua, wa Faza, Sista Nkatha kaniambia. Wewe wataka kulipeleka likiwa na mapengo haya?"

Nikampa. Akaishika shazia kwa kidole gumba na viwili, ikamponyoka. Akaiokota. Ikamponyoka tena, akaiokota tena, akavuta pumzi. Kisha akakata uzi wangu wa kwanza, akaufumua wote mpaka mwisho, akautupa, akaanza kushona.